Namba ya Siku Mbaya

Hospitalini hawamtaji kwa jina, na mimi sitamtaja. Enzi zake aliitwa Mhandisi, na ukimwita Fundi alijifanya hakusikia. Siku hizi wakimsema wanasema "yule aliyekubali". Kila mtu pale anajua alichokikubali: alipokea mashine ya kulinda mtandao wetu bila kuipima, yeye ambaye hakuwahi kupokea hata kipande cha waya bila kukipima. Mimi nilikuwa msaidizi wake miaka yote hiyo, na sasa siko pale tena. Kabla sijatolewa nilimfuata nyumbani kwake Kaisho kumwomba neno moja tu ambalo lingeninusuru. Alichonijibu nitakisema. Lakini kwanza mumjue, maana wengi wanaomlaani hawamjui, na mimi nikimlaani nataka nimlaani kwa haki.

Alikuwa Mhaya wa Bukoba mjini na hakumwacha mtu asahau. Kisogoni walimwita nshomile, yaani msomi anayejisikia, na yeye alijua, na nadhani alipenda. Vyeti vyake alivitundika juu ya meza yangu, si juu ya yake, ili mimi ndiye niviangalie. Ng'ombe wakiziba barabara ya Kibingo aliteremsha kioo cha gari akawafokea kwa Kiingereza. Mimi ni Mnyambo wa Rugu, huku huku Karagwe iliko hospitali, na siku moja aliniambia Kiswahili changu kinatembea na mkongojo. Nikamjibu kwamba chake kinatembea na viatu vya kuazima. Alicheka mpaka akatafuta kiti, halafu mchana kutwa hakunisemesha.

Kazi yetu ilikuwa mtandao wa hospitali. Mapokezi, maabara, famasi na wodi vyote viliunganishwa, na zahanati za Rugu, Kibingo na Kaisho zilituma na kupokea kwetu majibu ya vipimo. Pale mtandao unapoingilia kuna ruta, inayoonyesha kila kitu njia yake, na kuna fayawoli, ambayo ni mlinzi wa getini: kila kinachoingia na kutoka inakifungua na kukikagua. Mlinzi akiwa mzembe, wezi wanaingia. Akiwa mzito, foleni inafika barabarani, na mgonjwa anasubiri majibu ambayo yalishatoka asubuhi. Ndiyo maana swali la Mhandisi lilikuwa moja tu kila mashine ilipoletwa: inaweza kukagua kwa kasi gani siku ambayo kila mtu anaitumia kwa wakati mmoja?

Kwenye kartoni ya mashine huandikwa kasi, namba kubwa ya kupendeza. Mhandisi aliichukia namba ile kana kwamba ilimtukana mamaye. Alisema kartoni haina aibu. Alinieleza hivi, siku ya kwanza, akiwa amesimama huku akitafuna punje zake za kahawa kavu: wanaoandika ile namba wamemwambia mlinzi afumbe macho, ukaguzi wote umezimwa, kisha wamepitisha malori makubwa, moja baada ya jingine, na kuhesabu mzigo. Bila shaka mzigo ni mwingi. Lakini sisi hatuna malori. Sisi tuna akina mama wa soko la Kaisho, kila mmoja na kikapu chake, na kila kikapu lazima kifunguliwe. Mapokezi anauliza jina, maabara anatuma jibu la mstari mmoja, famasi anauliza dawa ipo. Vikapu vidogo vidogo, maelfu. Kwa hiyo alisema, "Nipe namba ya siku mbaya. Ya siku nzuri kaa nayo."

Kuipata namba hiyo alikuwa na kompyuta mbili kuukuu zilizokataliwa na uhasibu. Moja ilisukuma mzigo, nyingine iliupokea, na mashine mpya ikawekwa katikati. Aliwasha ukaguzi wote. Alisukuma vikapu vidogo, si malori. Tena hakuipimia mezani penye upepo. Aliifungia ndani ya kile kistoo cha bati ambamo ingeishi, joto la mchana likaipata, na katikati ya kazi alichomoa waya wa umeme bila kuaga, kwa sababu na umeme wetu hauagi. Kisha akakaa kwenye kibao nje ya kistoo anasubiri kuona itaamka vipi. Wauguzi walipita wakamwuliza kama amefiwa.

Kwao Wahaya, na kwetu Wanyambo pia, mtu akileta rubisi, pombe ya ndizi, kwa mwenzake anaonja yeye kwanza mbele ya mgeni au mwenyeji, ndipo kibuyu kinapita. Mwenye kuonja amesema: humu hamna kitu, na kama kimo tunakufa wote. Mhandisi aliichukua desturi hiyo akaifanya sheria ya ofisi. Muuzaji hakuruhusiwa kuacha mashine na kuondoka. Alitakiwa kuwasha ukaguzi wote kwa mkono wake, aingie kistooni, akae pale mashine ikila mzigo. Aliyeleta pombe aonje kwanza. Hatukuwa na karatasi yenye sheria hiyo, lakini wauzaji wote kuanzia Bukoba mpaka Mwanza waliijua.

Mmoja alikuja amevaa suti ya kijivu, kijana mpole, na mashine yake ilizimika kabla chai haijapoa. Alijaribu kusema ni joto. Mhandisi akamwuliza nani alimwambia kwamba Karagwe watu huugua siku za baridi tu. Akampa kahawa ya kutafuna, mkono kwa mkono kama ipasavyo kwa mgeni, kisha akamwambia achukue maiti yake akazike kwao. Yule kijana aliondoka machozi yanamlengalenga. Nilimwambia Mhandisi kwamba ile haikuwa lazima. Alisema anayeudhika ni mwenye afya, na mimi ninayemtetea niwahesabu kwanza walio kwenye benchi la maabara. Alikuwa mkatili, na alikuwa na haki, na vitu hivyo viwili vikikaa ndani ya mtu mmoja vinachosha kuishi navyo.

Nilichoka. Mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kidonda. Mimi pia alinipima. Kila waya niliofunga kichwa chake cha kuchomekea aliuvuta kwa nguvu. Kila namba niliyomletea aliitafuta upya. Safari moja nilipima ruta mpya ya zahanati ya Kibingo siku nzima, nikamletea matokeo, naye kesho yake akarudia kazi yote tangu mwanzo mbele ya macho yangu. Ikatoka namba ile ile. Akaitikia kwa kichwa, tena aliitikia ile ruta. Nilingoja aseme hata "sawa, binti". Hakusema. Mwaka ulipita, na mwingine, na mingine, nami nikawa naamka Rugu gizani nipande pikipiki kwenda kupimwa kama mashine ya Kichina. Kwa nini sikuondoka? Kwa sababu nilitaka siku moja aamini kitu changu bila kukivuta. Ni jambo la kitoto na lilinipotezea ujana.

Na mtu huyo huyo, mwili wake hakuupima. Alikuwa na sukari. Daktari wa hapo hapo hospitalini, hatua chache kutoka ofisini kwetu, alimsihi aje achomwe kidole. Hakwenda. Alinunua unga wa mizizi mnadani kwa mtu asiyemjua hata kwa sura, mtu mwenye kipaza sauti na nyoka ndani ya sanduku, na akaunywa na uji. Nilimwuliza kama mwenye unga ameonja kwanza. Alinikatia jicho. Pikapu yake haikuwa na breki za kuaminika, aliisimamisha kwa kuipandisha kwenye matuta ya kando. Mkewe, mama mtulivu wa Muleba asiyesema mengi, aliniambia jikoni kwake kwamba mume wake hupima vyote isipokuwa vile anavyovipenda. Niliona ni maneno ya mke aliyechoka, nikaendelea kumenya ndizi.

Alikuwapo kijana mwingine, aliyenitangulia kisha tukafanya kazi pamoja, aliyekuja kujifunza kazi akitokea chuoni. Sura nzuri, mdomo mtamu, mikono myepesi. Alijua kazi, siwezi kusema hakujua. Mhandisi alimwita mwanangu. Na waya za kijana yule hakuzivuta! Akileta namba, Mhandisi aliisoma, akatabasamu, akasema endelea. Nilikuwa nimekaa pale pale, chini ya vile vyeti, nikiona. Baadaye kijana akaoa binti wa mwisho wa Mhandisi, na mimi siku ya harusi nilibeba sinia za matoke na nyama kama ndugu. Akaacha kazi ya mshahara, akafungua duka la vifaa vya mtandao mjini. Watu wa mjini walimsifu, na baba mkwe alimsifu kuliko wote.

Sasa siku yenyewe. Hospitali ilitaka fayawoli mpya, ile ya zamani ilikuwa imezeeka, na aliyeshinda zabuni alikuwa mkwe. Alileta mashine kwenye ukumbi wa mikutano, mbele ya bodi nzima. Akaiweka mezani, chini ya feni, akaunganisha laputopu zake mbili mpya, akapitisha faili moja kubwa sana. Lori. Namba ikapanda kwenye skrini mpaka ikalingana na ile ya kartoni, na wajumbe wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mhandisi. Nikainama nikamnong'oneza kwamba ukaguzi umezimwa. Alishaona. Alikuwa ameona kabla yangu, shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Katibu wa hospitali, mtu wa utani na haraka, ndiye aliyemfunga kamba. Alisema kwa sauti kwamba leo sheria ya Mhandisi imetimizwa, aliyeleta ameonja, na je, kwao Bukoba mkwe akishaonja mbele ya watu, baba mkwe humwambia onja tena? Ukumbi ukacheka. Mkwe akainamisha kichwa kwa adabu, kama mkwe mwema. Kila aliyekuwa pale alijua jibu. Kumwambia mkwe aonje mara ya pili mbele ya watu ni kumwambia ameleta sumu, na neno hilo likishatoka, binti aliyeolewa kule ndiye atakayelala nalo kila usiku. Mhandisi alitazama mashine. Kisha akasema, "Ameonja. Imetosha."

Maneno mawili! Kwa maneno hayo mawili alifuta kila mashine aliyowahi kuirudisha, na kila siku niliyoamka gizani.

Ikafungwa kistooni Ijumaa. Jumatatu asubuhi, madirisha yote yalipofunguliwa na zahanati zote zikaingia, ikakwama. Foleni ya mapokezi ikatoka nje ya geti. Katibu akaniamuru nizime ukaguzi ili kasi irudi, nikakataa, na Mhandisi alikuwa kwenye kiti chake akitazama mikono yake. Akaitwa mkwe. Alikuja akatabasamu, akauzima mwenyewe, na kasi ikarudi. Majuma kadhaa tulisifiwa. Mlinzi alikuwa amefumba macho getini na sisi tunasifiwa jinsi watu wanavyopita bila bughudha.

Wezi hawakukawia. Asubuhi moja tulifungua kompyuta tukakuta majalada yote ya wagonjwa yamefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake wanao watu tusiowajua, na nakala zilizokuwa kwenye mtandao huo huo zimefungwa nazo. Historia za wagonjwa, majibu, dozi, vyote. Waliniweka dirishani niwaeleze watu kwa sababu nazungumza Kinyambo. Alikuja bibi mmoja wa Kibingo, aliyekatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi kikapelekwa kupimwa mbali, na jibu lake lilikuwa limerudi juzi yake na kuingizwa kwenye kompyuta bila kusomwa na daktari. Nilimwambia itabidi akatwe tena. Alinitazama kwa upole. Aliniuliza, "Na maumivu yale ya kwanza, mwanangu, nayo mmeyapoteza?" Akafunga kanga yake akaenda. Sikumwona tena, na nilimtafuta.

Mhandisi alistaafu mapema akahamia kwenye kibanja cha migomba alichokuwa amekinunua Kaisho. Hakuniaga. Aliacha vyeti ukutani. Mimi nikaachiwa kiti chake bila cheo chake, na kwa muda nilidhani angalau tumejifunza. Tumejifunza nini! Bodi ikaamua kununua mashine nyingine, kubwa zaidi, na aliyeshinda ni yule yule mkwe. Nikasema siipokei mpaka aiwashie ukaguzi wote, aingie nayo kistooni, apitishe vikapu. Katibu hakukasirika hata. Alisema Mhandisi mwenyewe, msomi wa kweli, alimwona muuzaji huyu akionja akasema imetosha, sasa mimi ni nani wa kudai zaidi ya Mhandisi? Jumatatu ama nipokee ama nikabidhi funguo.

Basi Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda Kaisho. Nilibeba kibuyu cha rubisi iliyokamuliwa na kaka yangu Rugu, kwa sababu huendi kwa mzee mikono mitupu. Njia nzima nilipanga maneno. Nilichotaka kilikuwa kidogo: aje kwenye bodi, au hata aongee kwa simu mbele yao, aseme siku ile mashine haikupimwa. Hivyo tu. Neno likitoka kwake, lile la kwanza lingekufa, na mimi ningebaki kazini, na bibi mwingine wa Kibingo angepata jibu lake.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, mguu mmoja umefungwa bandeji. Sukari ilikuwa imeshafika kwenye vidole. Alikuwa amekonda, shati limemzidi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, mkewe akaniletea kiti akarudi ndani. Nikasema yote niliyokuwa nimepanga. Nilisema vizuri, bila kulia. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

Akasema, "Binti yangu ana mimba ya pili kwa yule kijana. Nikitamka hivyo mbele ya watu, nimemwita mkwe wangu mlishaji sumu. Siwezi, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na alinipa neno hilo pamoja na kukataa kwake, kwenye sahani moja. Nilimwuliza kwa nini, miaka yote ile, mimi alinivuta kila waya na yule hakumvuta hata mmoja. Alisema yule alikuwa anafanana na yeye alipokuwa kijana, akaona haya kumpima. Na mimi? Mimi, alisema, hakuwahi kunipata na kosa, ndiyo maana aliendelea kutafuta. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mzee mgonjwa mwenye bandeji, nilitaka kumpiga.

Badala yake niliinuka nikatoa kibuyu kwenye kikapu, maana desturi ni desturi hata ukiwa na hasira. Nilikuwa nakifungua ili nionje kwanza, mbele yake, inavyotakiwa. Akanyoosha mkono akakichukua kabla sijakigusisha mdomo. Akanywa. Mafunda makubwa, macho yake kwangu, mgonjwa wa sukari. Akakishusha akafuta mdomo.

"Wewe," akasema, "huna haja ya kuonja."

Nilikuwa nimelingojea neno hilo tangu nikiwa msichana. Nilisimama pale uani, kuku wananipita miguuni, likaniingia lote, na likaniuma kuliko kupimwa. Kwa sababu ndilo lile lile alilompa mkwe wake.

Nikamwambia, "Hapo ndipo ulipotuulia watu, Mhandisi."

Nikakichukua kibuyu mkononi mwake, nikaonja mbele ya macho yake, funda kamili, nikameza. Kisha nikamrudishia. Hakukipokea. Nikakiweka chini karibu na mguu wake uliofungwa, nikamuaga mama aliyekuwa amesimama mlangoni, nikaenda kutafuta pikipiki.